Fizikia ya Saa Kumi na Mbili Jioni

Darasa linaanza saa kumi na mbili jioni, na anayeketi mstari wa mbele mara nyingi ni fundi umeme aliyetoka kazini moja kwa moja, buti zingali na vumbi. Nyuma yake yuko msichana wa miaka 17 ambaye hajamaliza sekondari, ila shule yake imemruhusu aanze masomo ya chuo mapema. Yuko kijana aliyemaliza mkataba wake jeshini, sasa anasomeshwa na serikali. Yuko mama wa watoto wawili aliyeacha chuo zamani na amerudi. Na karibu na mlango yuko mmoja aliyevaa sare ya wahudumu wa nyumba za wazee, maana akitoka hapa saa tatu usiku anakwenda kukesha kazini mpaka alfajiri. Katika miji kama Boise, Louisville, Houston au Minneapolis, huyo wa mwisho anaweza kabisa kuwa mtu wa kwetu. Msalimie kwa Kiswahili, ataitikia.

Ubaoni pamechorwa mteremko, boksi juu ya mteremko, na mishale mitatu inayoonyesha kani zinazolivuta na kulisukuma lile boksi. Mwanafunzi wa sekondari wa Tabora au Kisumu angeutambua mchoro huo mara moja. Kinachoshangaza ni mchanganyiko wa watu wanaoutazama.

Hayo ndiyo madarasa ya fizikia katika vyuo vya jamii vya Marekani, vyuo vya miaka miwili ambavyo viko zaidi ya 1,000 nchi nzima, vingi vikiwa mali ya umma. (Msomaji wa Tanzania asivichanganye na vyuo vyetu vya maendeleo ya jamii, hivyo ni vitu viwili.) Havichagui wanafunzi kwa ufaulu. Mtu mzima anayetaka kusoma anajiandikisha, analipa, anaingia. Baada ya yuniti kama 60 hivi anapata shahada ndogo ya miaka miwili, na akitaka anahamia chuo kikuu na kuanzia mwaka wa tatu.

Katika familia zetu zenye ndugu huko, jina la vyuo hivi halina heshima. Mtoto akitangaza kwamba amejiunga na chuo cha jamii, kundi la WhatsApp la ukoo linanyamaza kidogo, kisha shangazi mmoja anauliza kwa upole kama chuo kikuu kimeshindikana. Hofu ya shangazi inaeleweka. Sisi tumelelewa katika mfumo ambao elimu ni chekecheke, na fizikia ndiyo yenye matundu madogo kuliko masomo yote. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa Tanzania amekuwa akiweza kuiacha baada ya kidato cha pili, na wengi wameiacha. Waliobaki wamepigania nafasi za PCM na PCB (fizikia na kemia, pamoja na hisabati au biolojia) kidato cha tano. Aliyepata F kidato cha nne amekuta njia imefungwa, labda arudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, ajifundishe mwenyewe nguvu za sumaku kwa mwanga wa simu.

Shangazi amekosea, lakini sababu ninayoiona mimi si ile anayotajiwa kila mara ili atulie, yaani unafuu wa ada. Ada ni nafuu kweli, na nitaifikia. Kwa somo hili hasa, kitu cha thamani kubwa ambacho vyuo hivi vinatoa ni ruhusa ya kuchelewa. Karibu dunia nzima fizikia inafundishwa kana kwamba atakayeiweza amekwisha kujulikana akiwa na umri wa miaka 16. Chuo cha jamii hakiulizi ulipata nini ukiwa na miaka 16. Kinauliza kama unajua aljebra, na kama huijui kinakuonyesha chumba inakofundishwa.

Mpango wa vyuo hivi ulianzia Joliet, mji wa viwanda karibu na Chicago, mwaka 1901. J. Stanley Brown, aliyeongoza sekondari ya mji huo, na William Rainey Harper, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago, walikubaliana kuongeza juu ya sekondari masomo ya miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu, ili vijana wasome bila kuhama kwao. Wanafunzi wa kwanza walikuwa sita. Harper alikuwa na hesabu zake pia: alitamani vyuo vikuu viachane na kazi ya kufundisha mambo ya mwanzo, vibaki na utafiti. Baada ya Vita Kuu ya Pili, sheria ya mwaka 1944 iliwapa wanajeshi waliorudi fedha za kusomea, na mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Truman ikapendekeza vyuo vya jamii visambazwe nchi nzima. California ikaja na mpango wake mkuu mwaka 1960: mmoja kati ya kila wanafunzi wanane, wale bora kabisa, apate nafasi University of California, theluthi bora iwe na nafasi katika vyuo vikuu vya jimbo, na vyuo vya jamii viwe wazi kwa yeyote awezaye kunufaika navyo, pamoja na njia ya kuhamia juu. Leo jimbo hilo peke yake lina vyuo vya jamii 116 na wanafunzi takriban milioni mbili.

Ndani ya vyuo hivyo fizikia iko ya namna mbili. Kuna inayotumia aljebra na trigonometria, inayosomwa na wanaoelekea udaktari, tiba ya viungo na kazi nyingine za afya. Na kuna inayotumia kalkulasi, ya wahandisi na wanafizikia. Hii ya pili huchukua mihula miwili hadi minne: kwanza mwendo, kani na nishati, kisha umeme na usumaku, kisha joto, mawimbi na mwanga, na mwisho, pale inapopatikana, fizikia ya karne ya 20, yaani atomu, nadharia ya Einstein na vituko vya kwanta. Wengi darasani ni wahandisi watarajiwa. Anayetaka fizikia kwa ajili ya fizikia yenyewe anaweza kujikuta yuko peke yake, au na mwenzake mmoja.

Kinachonivutia zaidi ni mwalimu. Katika chuo kikuu kikubwa cha Marekani, fizikia ya mwaka wa kwanza hufundishwa ukumbini mbele ya watu 200 au 300, na maabara huachiwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu ambao mawazo yao yako kwenye tasnifu zao. Profesa hapandi cheo kwa sababu alieleza vizuri kanuni ya pili ya Newton. Anapanda kwa machapisho. Katika chuo cha jamii darasa lina watu ishirini na kitu au thelathini na kitu. Mwalimu yuleyule anafundisha somo, anasimamia maabara, anasahihisha, na anakaa ofisini kwa saa zilizobandikwa mlangoni akimsubiri aliyekwama. Utafiti haumo katika mkataba wake. Kufundisha ndiyo kazi yake, na hilo linabadilisha mambo mengi.

Mfano mzuri ni Paul Hewitt. Kabla ya fizikia aliwahi kuwa bondia, akawa mchoraji wa mabango ya matangazo, akaingia chuo akiwa mtu mzima, kisha akafundisha kwa miaka mingi City College of San Francisco, ambacho ni chuo cha jamii. Mwaka 1971 alitoa kitabu chake Conceptual Physics, kinachomtaka mwanafunzi aelewe jambo kwanza, fomula ifuate baadaye. Vikatuni vya humo alivichora mwenyewe. Mkono wa mabango haukupotea bure. Kitabu hicho kikaenea katika vyuo na sekondari za Marekani, kikiwa kimetoka kwa mtu ambaye wanafunzi wake walikuwa wale ambao vyuo vikuu havikuwataka, au havikuwa na nafasi nao.

Kwamba kuelewa na kukokotoa ni mambo mawili, limeshapimwa. Mwaka 1992 David Hestenes wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona na wenzake, Malcolm Wells na Gregg Swackhamer, walichapisha jaribio la maswali ya kuchagua kuhusu kani, maswali yasiyohitaji hesabu hata kidogo. Mojawapo linahusu lori kubwa lililogongana uso kwa uso na gari dogo: ni lipi lililomsukuma mwenzake kwa kani kubwa zaidi? Jibu ni kwamba kani zinalingana, kama kanuni ya tatu ya Newton inavyosema. Gari dogo linaharibika zaidi kwa kuwa tungamo lake ni dogo, kwa hiyo kani ileile inalipa mchapuko mkubwa zaidi. Wanafunzi waliokwisha kuikariri kanuni hiyo, na kupata alama nzuri katika hesabu zake, wanachagua lori. Dereva wa bodaboda naye ataapa kuwa ni lori, na sitathubutu kubishana naye akiwa barabarani.

Mwaka 1998 Richard Hake wa Chuo Kikuu cha Indiana alikusanya matokeo ya majaribio ya namna hiyo kutoka madarasa 62 yenye wanafunzi zaidi ya 6,000, wa sekondari, vyuo na vyuo vikuu. Pale mwalimu alipohutubia na wanafunzi wakaandika, darasa lilipata kwa wastani asilimia 23 ya maendeleo ambayo lingeweza kuyapata. Pale wanafunzi walipobishana wao kwa wao, wakatabiri kabla ya jaribio, wakalazimika kutetea majibu yao, asilimia ilikuwa 48. Ubishi wa namna hiyo ni rahisi kuuendesha kwa watu 25, na ni kazi ngumu mno kwa watu 300. Sisemi kwamba kila darasa dogo linautumia udogo wake. Zaidi ya nusu ya walimu wa vyuo hivi ni wa muda, wanaolipwa kwa kozi, na wengine hufundisha asubuhi chuo kimoja na jioni kingine, katikati wakila mkate ndani ya gari. Mwalimu aliyechoka hugeukia ubao kama mwalimu yeyote aliyechoka.

Kati ya waliopitia mlango huu, nampenda Adam Steltzner. Sekondari alifanya vibaya, jiometria ilimshinda. Alipofika miaka ya ishirini alikuwa akipiga gitaa la besi katika bendi za roki karibu na San Francisco. Usiku mmoja akirudi nyumbani baada ya onyesho aliona kwamba kundi la nyota la Orion halikuwa mahali alipoliona wakati wa kwenda. Hakujua ni kwa nini. Ukilitafakari, jambo hilo lina uchungu wake: mtu mzima, katika nchi iliyowahi kupeleka watu mwezini, hajui kwamba dunia ikizunguka, nyota zinaonekana kuhama. Mtoto wetu wa shule ya msingi angelijibu swali hilo, ingawa huenda asingewahi kutoka nje kuhakikisha.

Steltzner alikwenda College of Marin, chuo cha jamii cha huko kwao, akitafuta elimu ya nyota, na akaishia kwenye darasa la fizikia. Humo akagundua kwamba ulimwengu una sheria na kwamba yeye, mwenye F ya jiometria, anaweza kuzielewa. Akahamia Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis kusomea uhandisi, akaenda Caltech, akamalizia uzamivu Wisconsin mwaka 1999. Agosti 2012, kikosi alichokiongoza katika maabara ya JPL ya NASA kilishusha Mirihi gari la utafiti la Curiosity, lenye uzito wa karibu kilo 900: kwanza parachuti, kisha roketi, na mwishoni winchi iliyolishusha kwa kamba mpaka magurudumu yakagusa vumbi. Mishale ya kani katika mchoro wa winchi ile ni ndugu wa ile mitatu ya boksi kwenye mteremko.

Yuko pia Eileen Collins, aliyemaliza Corning Community College huko New York mwaka 1976 katika hisabati na sayansi, na mwaka 1999 akawa mwanamke wa kwanza kuamuru safari ya chombo cha anga cha Marekani, akiipeleka angani darubini ya Chandra. Fred Haise wa Apollo 13 naye alianzia chuo cha miaka miwili huko Mississippi.

Lakini tukiishia kwa hao tutakuwa tunadanganyana. Wanaoingia vyuo vya jamii wengi husema wanataka kufika shahada ya kwanza. Takwimu za kitaifa zinaonyesha kwamba wanaohamia vyuo vya miaka minne ni takriban theluthi moja, na wanaoipata shahada hiyo ndani ya miaka sita ni kama 16 kwa kila 100. Kwa wale wenye ndoto ya fizikia, wengi wanaopotea hawaangushwi na fizikia. Hawaifikii.

Kinachowazuia ni ngazi ya hesabu. Ili kuanza fizikia ya kalkulasi lazima uwe umesoma kalkulasi ya kwanza, au uwe unaisoma muhula huohuo. Chini ya kalkulasi kuna hesabu za maandalizi na trigonometria. Chini yake aljebra. Na chini kabisa, aljebra ya mwanzo na hesabu za kawaida. Zamani aliyefanya vibaya mtihani wa kumpanga angeweza kupewa mihula mitatu au minne ya hesabu za chini kabla ya kuruhusiwa kukanyaga kalkulasi. Kila ngazi inapoteza watu, na mara nyingi sababu haina uhusiano na akili: gari limekufa, zamu imebadilishwa, mtoto ameugua wiki ya mtihani.

California ilipitisha sheria mwaka 2017 kuzuia vyuo kumrundikia mwanafunzi hesabu hizo za chini bila ushahidi kwamba anazihitaji, na nyingine mwaka 2022 iliyowasukuma wanafunzi wa sayansi na uhandisi waanzie kwenye kalkulasi wakipewa msaada wa ziada. Walimu wa hesabu waligawanyika, na ugomvi haujaisha. Kwa maoni yangu wabunge walikuwa sahihi kuhusu urefu wa ngazi, na walimu wako sahihi kuhusu trigonometria. Boksi lile la kwenye mteremko haliendi popote bila sine na cosine, na hakuna sheria ya bunge inayoweza kuzifundisha.

Sasa yule wa karibu na mlango. Marekani imepokea makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Kongo tangu miaka ya 2010, na wengi wao walipitia kambi kama Nyarugusu ya mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996. Shule za Wakongo kambini humo zilifuata mtaala wa nchi yao, kwa Kifaransa. Kijana akishuka ndege akiwa na miaka 20, sekondari nyingi za Marekani zinamwambia umri wake umepita au unakaribia kupita. Chuo cha jamii ndicho kinachompokea: kwanza madarasa ya Kiingereza, kisha cheti cha kulingana na sekondari kama hana vyeti, kisha hesabu. Huyu anajua fizikia kwa Kifaransa, anaomba chumvi kwa Kiswahili, na mtihani uko kwa Kiingereza. Ameandika 9,8 kwa mkato kama alivyofundishwa, na kompyuta inayosahihisha kazi za nyumbani, isiyojua kitu ila nukta, inaweza kumkosesha jibu lililo sahihi.

Ana silaha moja ambayo wenzake hawana. Fizikia husomwa kwa mita, kilo na sekunde, naye maisha yake yote amepima hivyo. Mmarekani aliyekulia maili, pauni na nyuzi za Fahrenheit anaingia darasani kama mgeni, inabidi ajifunze kilo moja ina uzito gani mkononi. Katika wiki za kwanza mkimbizi wa Nyarugusu ndiye mwenyeji.

Maabara ni habari nyingine. Wengi waliotoka katika shule zetu wanagusa vifaa kwa mara ya kwanza: vigari vinavyoteleza kwenye reli za alumini, vihisi vya mwanga vinavyopima muda kwa sehemu ndogo za sekunde, kompyuta inayochora grafu papo hapo. Kazi ni kupima mchapuko wa kitu kinachoanguka. Unapata 9.5. Kitabu kinasema 9.8. Aliyelelewa na mitihani ya taifa anajua la kufanya: anapika matokeo mpaka yafike 9.8, kwa sababu alama ziko hapo. Katika maabara hizi alama ziko mahali pengine. Mwalimu anataka uandike 9.5, ukadirie kosa la upimaji ni kiasi gani, na ueleze limetoka wapi: upepo, msuguano, au mkono wako uliochelewa kuachia. Kumfundisha mtu asiyaonee haya matokeo yake ni nusu ya elimu ya sayansi, na naamini hapa ndipo mfumo wetu unapowaumiza watoto zaidi kuliko katika ukosefu wa vitabu.

Nyumbani kuna shinikizo la unesi. Familia nyingi za Afrika Mashariki huko zinaujua unesi: kazi ipo, mshahara unajulikana, na aliyetangulia atamvuta mwenzake. Kijana akisema anataka fizikia anaulizwa kama fizikia italipa kodi ya nyumba. Swali ni halali. Wenye shahada ya fizikia huishia katika uhandisi, programu za kompyuta, uchambuzi wa takwimu, na ualimu. Sekondari za Marekani kwa miaka mingi zimelia kukosa walimu wa fizikia waliosomea fizikia. Kodi inalipika, ila inakuja baadaye kuliko ya nesi, na ni vyema kijana akalisema hilo mezani mapema kuliko kulificha.

Kuhusu fedha, California inatoza wakazi wake dola 46 kwa yuniti moja, kwa hiyo yuniti 60 ni dola 2,760 kwa shahada nzima ya miaka miwili. University of California inatoza mkazi zaidi ya dola 13,000 kwa mwaka mmoja. Tennessee, tangu kundi la kwanza la mwaka 2015, imewalipia wahitimu wake wa sekondari ada ya chuo cha jamii ambayo misaada mingine haikuifikia. Mzazi wa Arusha au Nakuru anayesoma namba hizi asikimbilie benki. Ni bei za wakazi. Anayekwenda kwa viza ya mwanafunzi hulipa mara kadhaa zaidi. Huko California huongezewa kwa kawaida zaidi ya dola 300 kwa kila yuniti, lazima asome muda wote, aonyeshe kwamba fedha anazo, na kazi za nje ya chuo mwaka wa kwanza haruhusiwi. Kuna wanaotumwa kwa matumaini kwamba watajisomesha kwa kibarua, na mwisho wake si mzuri.

Kitu kimoja ni bure kwa wote, hata kwa aliyeko Sumbawanga. Mradi wa OpenStax wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston, umetoa kitabu cha fizikia ya kalkulasi, University Physics, juzuu tatu, kinachotumika katika vyuo vingi vya jamii na kinapakuliwa bila malipo. Kiko kwa Kiingereza, lakini mwalimu wa kidato cha sita mwenye simu na bando anaweza leo kufundishia kitabu kilekile kinachotumika katika vyuo hivyo.

Gharama iliyofichika iko kwenye kuhama. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ikiangalia wanafunzi waliohama chuo kimoja kwenda kingine kati ya 2004 na 2009, ilikadiria kwamba kwa wastani walipoteza asilimia 43 ya yuniti walizokwisha kuzisomea na kuzilipia. Chuo kipya kinasema kozi hii hailingani na ya kwetu, ile inahesabika kama nyongeza tu. California ina mfumo wa wazi mtandaoni unaoonyesha kozi ipi ya chuo kipi inakubalika wapi, na kampasi sita kati ya tisa za shahada ya kwanza za University of California hutoa dhamana ya nafasi kwa wanaotimiza masharti, ingawa si kwa kila fani, na Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo. Majimbo mengine yana mipango yao, mingine mizuri, mingine ni ahadi za karatasi.

Kwa mwanafunzi wa fizikia ratiba inabana zaidi kuliko kwa mtu wa biashara au historia, kwa kuwa kozi zake zinabebana: umeme na usumaku hausomwi bila kalkulasi ya pili, na kalkulasi ya pili haisomwi bila ya kwanza. Vyuo vidogo, kwa uchache wa wanafunzi, hufundisha baadhi ya kozi hizo mara moja tu kwa mwaka. Maombi ya kuhamia University of California hupelekwa katika majira ya Novemba ya mwaka wa pili, wakati ambapo aliyeanza Agosti bila kalkulasi mkononi huenda hata fizikia ya kwanza hajaimaliza. Mshauri wa masomo ana mamia ya wanafunzi wa kuhudumia na dakika chache kwa kila mmoja. Basi siku ya kwanza ofisini kwake, kabla ya kuzungumzia ndoto, kijana aulize kozi ya umeme na usumaku inafundishwa muhula gani na mara ngapi kwa mwaka. Akijibiwa kwamba ni mara moja, muhula wa Januari, achukue kalamu palepale aanze kuhesabu kurudi nyuma: kalkulasi ya pili itakuwa lini, ya kwanza lini, trigonometria lini, na zamu za usiku amwombe nani amsaidie kuzibadilisha.